Joto, Nta na Sukari: Historia ya Uhandisi wa Vitu Vitamu, Ikitazamwa kutoka Ushetu

Kazi ya mhandisi katika kiwanda cha pipi au chokoleti imejengwa juu ya kutawala mambo mawili, joto na unyevu, kwa sababu sukari iliyozidiwa na moto huungua na kuwa chungu, iliyopungukiwa na moto hubaki uji usioganda, na ile iliyopikwa sawasawa lakini ikaachwa kwenye hewa yenye unyevu hunata na kuharibika kabla ya kufika dukani. Ushetu, eneo la Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga linalopakana na Tabora kwa upande mmoja na ukanda wa dhahabu wa Geita kwa upande mwingine, halikuingia katika historia ya nchi kwa viwanda vya pipi. Linajulikana kwa asali, nta, tumbaku, mahindi na mpunga. Hata hivyo, ufundi wa joto ukifuatiliwa katika eneo hilo na kwa majirani zake, tangu tanuru za chuma hadi karakana za migodi, inadhihirika kwamba maarifa yaliyo msingi wa uhandisi wa vitu vitamu yalikuwepo kwa vizazi vingi. Kilichokosekana ni hatua ya kupika na kuunda bidhaa ya mwisho, hatua ambayo mtaji, reli na maamuzi ya serikali zilizofuatana viliiweka pwani, mijini na kwenye mashamba ya miwa.

Asali, nta na chuma

Kabla ya reli, utamu wa Ushetu ulitoka katika misitu ya miombo, ambamo Wasumbwa na Wanyamwezi walitundika mizinga iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Fundi alilibandua gome la mti mzima kwa umbo la bomba, akaziba ncha zake mbili, akaacha tundu dogo la nyuki kuingilia, kisha akalitundika juu ya mti mwingine. Njia hiyo ilikuwa rahisi na ilitoa mizinga mingi kwa muda mfupi, ingawa mti uliobanduliwa gome lake lote ulikufa. Baada ya kurina, yaani kuvuna asali kwa kutumia moshi unaowatuliza nyuki, masega yaliyokamuliwa yalichemshwa majini ili nta iyeyuke, ichujwe, kisha igande juu ya maji yalipopoa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto takribani 62 hadi 64 za Selsiasi, hivyo aliyeipika alilazimika kuutunza moto wake, kwa kuwa nta iliyopikwa kwa moto mkali mno hubadilika rangi na kupungua thamani. Utawala wa Kijerumani uliposhika Unyamwezi, nta ilikuwa tayari bidhaa ya biashara ya masafa marefu, na ikaendelea kuwa miongoni mwa mazao ya msitu yaliyosafirishwa nje kwa wingi kutoka Tabora na pembezoni mwake.

Kaskazini na magharibi mwa Ushetu, katika nchi ya Uzinza ambayo leo sehemu yake imo katika Mkoa wa Geita, Warongo walikuwa na ufundi mwingine wa joto uliokuwa mgumu zaidi. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru za udongo kwa mkaa na mivukuto, na majembe yaliyotokana na kazi hiyo yaliuzwa mbali hadi Usukuma na Unyamwezi. Mrongo hakuwa na kipimajoto. Aliusoma moto kwa rangi yake na kwa mlio wa hewa iliyosukumwa tanuruni, na elimu hiyo ilirithishwa ndani ya koo za wahunzi kwa uanagenzi mrefu wenye miiko yake. Kwa jinsi hiyo, mafundi wa eneo hili walikuwa na vitu viwili ambavyo viwanda vya pipi vya baadaye vingevihitaji: malighafi tamu, na desturi ya kumlea fundi wa moto kwa miaka mingi.

Mwanzo wa sukari pwani

Upikaji wa sukari kama shughuli ya kiwanda ulianzia upande wa pili wa nchi. Katika karne ya 19, bonde la Mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili matajiri, na mmoja wa wamiliki wake alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Miwa ilisagwa katika vinu, maji yake yakachemshwa katika masufuria makubwa yaliyo wazi hadi yakawa mazito, kisha yakaachwa yagande kuwa sukari guru. Ukali wa kazi hiyo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya watumwa wa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani, waasi mwanzoni mwa miaka ya 1870. Huko Unguja, Mwingereza aliyeitwa Kapteni Fraser aliendesha katika miaka ya 1860 shamba na kinu cha mvuke huko Mkokotoni, akitumia mamia ya watumwa aliowakodi kwa mabwana zao, jambo lililozua malalamiko makubwa miongoni mwa wapinga utumwa wa Uingereza. Mvuke ulikuwa umefika Afrika Mashariki, lakini aliyejua kuutengeneza mtambo ulipoharibika alikuwa mgeni, na aliyeulisha kuni alikuwa mtumwa. Mpaka huo kati ya mwenye elimu ya mtambo na mwenye kuutumikia ulidumu muda mrefu kuliko utumwa wenyewe.

Mitambo iliyofuata ilikuwa matunda ya uvumbuzi wa aina mbili. Mwaka 1813 Edward Charles Howard wa Uingereza alipata hataza ya sufuria la ombwe, yaani chombo kilichofungwa ambacho hewa yake hunyonywa kwa pampu ili maji yachemke kwa joto dogo kuliko kawaida na sukari isiungue. Katika miaka ya 1840 Norbert Rillieux, mhandisi aliyezaliwa New Orleans kwa mama huru wa asili ya Kiafrika na kusomea Paris, aliunganisha vyombo kadhaa vya namna hiyo kwa mfuatano, hata mvuke uliotoka katika chombo cha kwanza ukawa ndio moto wa chombo cha pili, na wa pili ukawa moto wa chombo cha tatu. Uvumbuzi huo ulipunguza kuni na makaa kwa kiasi kikubwa, ukawaondoa watu kwenye hatari ya kuhamisha maji ya moto kwa miiko mirefu, na ungali msingi wa kila kiwanda cha sukari cha leo. Sufuria la ombwe nalo, likiwa limepunguzwa ukubwa, likawa moyo wa kiwanda cha pipi.

Viwanda vya miwa na wahandisi wake

Viwanda vikubwa vya sukari vya Afrika Mashariki vilijengwa palipokuwa na maji, ardhi tambarare na mtaji wa kigeni au wa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Nchini Uganda, Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafuata na Kakira mwaka 1930, ambako kando ya sukari kulikuja kutengenezwa pia pipi. Tanganyika ilipata kampuni ya TPC huko Arusha Chini, kusini mwa Moshi, iliyoanzishwa katika miaka ya 1930 na mfanyabiashara wa meli wa Denmark, A. P. Møller, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikafuata Kilombero na Mtibwa mkoani Morogoro. Zanzibar ilijengewa kiwanda cha Mahonda kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Ukanda wa Ziwa ulikuja kupata kiwanda cha Kagera, karibu na Kyaka, na hicho ndicho kilichokuwa karibu zaidi na Kahama. Kiliharibiwa na kuporwa majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa mwaka 1978, kikaanza upya katika miaka ya 1980, na baadaye kikabinafsishwa.

Ndani ya viwanda hivyo ndimo taaluma ya uhandisi wa sukari ilimojengeka, na ngazi zake zilionekana wazi. Juu alikuwa mhandisi, mwenye kubuni, kupanga na kuwajibika kwa mtambo mzima. Chini yake alikuwa fundi sanifu, anayetafsiri michoro na kusimamia vipimo. Chini ya huyo alikuwa fundi mchundo, anayechomelea, kufunga beringi na kunoa roli za kusagia miwa. Kabla ya uhuru, ngazi ya juu ilishikwa karibu yote na Wazungu na Wahindi, na Mwafrika alipanda kwa nadra kupita fundi mchundo. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1957, lakini nchi ilingoja hadi mwaka 1973 ndipo Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na wahitimu wake wa kwanza wakaingia kazini mwaka 1977. Uhandisi wa kemikali na uchakataji, yaani taaluma ya kubadili malighafi kuwa bidhaa kwa joto, shinikizo na mchanganyiko, ndio ulioyahusu zaidi masufuria ya sukari, na huko Kidatu kukawa na Chuo cha Taifa cha Sukari kwa ajili ya mafundi wa kiwandani.

Wahitimu hao walikabidhiwa viwanda katika wakati mgumu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sukari iliingia hatua kwa hatua mikononi mwa umma, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Maendeleo ya Sukari, SUDECO, kusimamia sekta nzima. Mwishoni mwa muongo huo bei ya mafuta, gharama za vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni vilikausha vipuri, kiasi kwamba kazi ya mhandisi wa sukari katika miaka ya 1980 ilikuwa zaidi ya kufufua mtambo kuliko kuuboresha: kung'oa sehemu za mashine moja ili nyingine isisimame, kuchonga kipuri katika karakana ya kiwanda, na kuziba mabomba ya mvuke yaliyopaswa kubadilishwa zamani. Uganda ilipita njia mbaya zaidi, kwani kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliondoa kwa mkupuo mmoja wenye mali pamoja na mafundi, na uzalishaji wa sukari ukaporomoka hadi karibu kukoma. Fundisho la nchi zote mbili ni moja: kiwanda kilichokabidhiwa bila kujengewa mafundi wa kutosha na njia ya kupata vipuri hudumu kwa muda ule tu ambao mashine yake inavumilia.

Kutoka sukari hadi pipi na chokoleti

Pipi ngumu hutengenezwa kwa kuyeyusha sukari pamoja na sharubati ya glukosi, kisha kupika mchanganyiko huo hadi nyuzijoto zipatazo 150, au chini ya hapo ukitumika ombwe, mpaka maji yanayobaki yawe asilimia chache tu. Sharubati ya glukosi huwekwa ili kuzuia sukari isirudi kuwa punje, kosa linaloifanya pipi iwe na ukungu na kumung'unyika mdomoni kama mchanga. Mchanganyiko hupoozwa kidogo hadi uwe laini kama udongo wa mfinyanzi, ukatiwa rangi, tindikali na ladha, ukavutwa kuwa kamba ndefu, ukakatwa na kubanwa katika kalibu, kisha ukapitishwa katika handaki la hewa baridi na kavu kabla ya kufungwa karatasi. Kila hatua ina mhandisi au fundi wake: wa boila, wa pampu za ombwe, wa majokofu, wa umeme na vidhibiti, na wa mashine za kufungia, ambazo huenda kwa kasi kubwa na kwa kawaida ndizo zinazosimama mara nyingi kuliko nyingine zote.

Chokoleti inadai usahihi zaidi. Mbegu za kakao huchachushwa kwa siku 5 hadi 7, huanikwa, hukaangwa, hupepetwa maganda na kusagwa, na kwa kuwa karibu nusu ya kiini cha mbegu ni mafuta, unga huo hugeuka kuwa uji mzito. Casparus van Houten wa Uholanzi alipata mwaka 1828 hataza ya mtambo wa kukamua mafuta hayo, na mwaka 1879 Rodolphe Lindt wa Uswisi akabuni chombo cha kuikoroga chokoleti kwa muda mrefu hadi ikawa laini. Hatua ya mwisho ni kuirekebisha kwa joto, yaani kuipasha na kuipoza kwa mpangilio ili mafuta ya kakao yagande katika umbo moja tu kati ya maumbo yake kadhaa, lile linaloipa bamba mng'ao na mlio wa kukatika. Umbo hilo huyeyuka karibu na nyuzijoto 34, na hapo ndipo hali ya hewa inapoingia katika historia ya biashara: katika nchi ambayo alasiri yake hupita nyuzijoto 30, bamba la chokoleti lililosafirishwa juu ya lori huyeyuka, hufanya mabaka meupe na kukataliwa na mnunuzi. Kwa sababu hiyo pipi ngumu na bigijii ziliweza kupenya hadi minada ya vijijini na kambi za wachimbaji kama Kakola na Katoro, huku chokoleti ikibaki katika majokofu ya maduka ya mijini.

Uzalishaji wa bidhaa hizo ulijikita Nairobi, ambako kampuni za kimataifa kama Cadbury na Wrigley zilijenga viwanda vya kuhudumia soko la Afrika Mashariki yote. Cadbury ilisitisha uzalishaji wake Nairobi mwaka 2014, na bidhaa zake zikaanza kuletwa kutoka nje, kielelezo cha jinsi ajira za wahandisi wa sekta hii zinavyoweza kuhamishwa kwa uamuzi unaofanywa mbali na kiwanda. Nchini Tanzania, Iringa ilipata jina kwa pipi za Ivori. Kakao inalimwa zaidi Kyela mkoani Mbeya, na pia katika bonde la Kilombero, ambako tangu mwaka 2013 kampuni ya Kokoa Kamili huko Mbingu imekuwa ikinunua mbegu mbichi za wakulima na kuzichachusha kwa pamoja ili ubora ulingane. Sehemu kubwa ya kakao hiyo huuzwa nje ikiwa mbegu kavu. Watengenezaji wa Marekani kama Askinosie, wanaonunua kakao ya Mababu wilayani Kyela, huitangaza asili hiyo kwenye karatasi ya bamba, ilhali ukaangaji, usagaji na urekebishaji wa joto hufanyika Missouri.

Bani na mgodi

Ushetu iliingia karne ya 20 kwa njia nyingine. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Tabora hadi Mwanza, linalopita Isaka, likakamilika mwaka 1928. Sukari na bidhaa za dukani zikapata njia ya kuja Kahama, na mazao yakapata njia ya kutoka. Kusini mwa Ushetu, Urambo ulikuwa mmoja wa vituo vitatu vya Mpango wa Karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 kwa ajili ya mafuta ya kula na kufutwa mwaka 1951. Baada ya karanga kushindwa, Urambo uligeukia tumbaku, ambayo ilienea hatimaye hadi Kahama na kuwa zao kuu la fedha la kata kama Ulowa, chini ya ushirika uliokuja kuitwa KACU.

Tumbaku ya mvuke ilileta elimu ya joto iliyopimwa. Hukaushwa ndani ya bani, nyumba ya matofali iliyozibwa, inayopashwa moto kwa mabomba yanayotoka kwenye tanuru la nje, na mkulima hutundika kipimajoto ndani yake akikisoma usiku na mchana. Kwanza majani huivishwa yawe ya njano kwa nyuzijoto kati ya 35 na 40, kisha joto hupandishwa taratibu ili jani likauke, na mwisho hufikishwa karibu 70 ili vikonyo vikauke, huku matundu ya hewa yakifunguliwa na kufungwa kulingana na unyevu. Akikosea katika hatua ya kwanza, jani hubaki kijani. Akiharakisha ya pili, huungua na kuwa kahawia, na daraja lake sokoni hushuka. Nidhamu hiyo ya kupandisha joto kwa hatua na kuondoa maji kwa kiasi ndiyo nidhamu ya chumba cha kupikia pipi. Gharama yake ni kwamba bani hula kuni za miombo ileile inayolisha nyuki, hivyo zao moja limekuwa likipunguza msingi wa jingine.

Ufugaji wa nyuki nao ulipata wataalamu. Serikali ya Tanganyika iliunda kitengo maalumu cha ufugaji nyuki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na katika miaka ya 1960 wafugaji wa Tabora wakaunda ushirika wenye kiwanda cha kuchuja asali Kipalapala. Hapo ufundi ulihitaji vipimo: asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huweza kuchacha, na iliyopashwa moto kupita kiasi hupoteza vimeng'enya vyake na kushuka daraja. Asali ina faida ya pekee kwa mtengeneza pipi, kwani sukari zake za fruktosi na glukosi huzuia punje kama ifanyavyo sharubati ya kiwandani, na nta husafishwa na kutumiwa kung'arisha pipi zilizokamilika. Ushetu, kwa maneno mengine, huzalisha viungo viwili vya kiwanda cha pipi, na karanga zinazolimwa humo ni cha tatu.

Ujuzi wa mashine ulitoka mgodini. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1960, almasi ya Mwadui ikaanza kuchimbwa mwaka 1940, na wimbi la pili likaleta Geita mpya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, mwaka 2009. Mwaka huohuo wa 2009, VETA Moshi ilianza mafunzo ya ufundi wa migodini kwa kushirikiana na kampuni za uchimbaji, na vijana wa ukanda huu wakajifunza kutunza pampu, mikanda ya kusafirishia, mitambo ya kusagia, umeme wa viwandani na vidhibiti vya kompyuta. Mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu na wa kusaga kakao hutofautiana kwa usafi unaotakiwa na ulaini wa kinachosagwa, lakini beringi, giaboksi na mota zake hutunzwa kwa elimu moja. Buzwagi ilipofungwa mwaka 2021, eneo lake lilielekezwa kuwa la viwanda na biashara, na mafundi waliozoea mashine kubwa wakawa wanatafuta kazi katika mji uliozungukwa na asali, karanga na mpunga.

Hitimisho

Mpangilio huu wa matukio unapinga dhana kwamba maeneo ya bara yalikosa viwanda vya vitu vitamu kwa kukosa ufundi. Ushetu na majirani zake walijua kutawala joto tangu tanuru za Warongo. Wakalipima joto hilo kwa nyuzi katika mabani. Wakajifunza kuendesha mashine nzito katika migodi. Kilichowakosesha taaluma ya uhandisi wa pipi ni kwamba kila awamu ya mtaji, tangu biashara ya nta hadi tumbaku na dhahabu, iliitaka malighafi na ikaipeleka hatua ya mwisho kwingine, na mhandisi hufuata hatua ya mwisho. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inataka mhitimu apate uzoefu wa kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, na uzoefu huo haupatikani pasipo kiwanda. Halmashauri, vyama vya ushirika na wawekezaji wanaoitazama Kahama hawana budi, kwa hiyo, kuanza na chumba kimoja cha kupikia, boila moja na mafundi wachache wanaolelewa kwa muda mrefu, kwa asali na karanga zilizopo, kwa sababu hakuna mahali katika historia hii ambapo taaluma ilitangulia jiko.